ZIARA YA ANI: MAGOFU YA MPAKANI MWA UTURUKI NA ARMENIA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema zinamstahiki Yeye, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wanafunzi wetu wapenzi, mwaka jana Mwenyezi Mungu alitujaalia walimu watatu wa madrasa hii kuhudhuria mafunzo mafupi ya ufundishaji wa lugha ya Kiarabu nchini Uturuki. Mafunzo yalipokwisha tulibakiwa na siku tatu kabla ya kurudi nyumbani. Wenzetu wengine walikwenda sokoni kutafuta zawadi. Sisi tulichanga nauli tukapanda ndege hadi Kars, mji ulio pembe ya kaskazini mashariki ya nchi hiyo, kwa sababu mmoja wetu alikuwa amesoma habari za magofu ya Ani na hakutupa raha mpaka tukakubali kwenda.

Tuliporudi tuliwaonyesha wanafunzi wa darasa la tano picha tulizopiga. Katika picha moja unaonekana mnara wa msikiti, na kwa mbali kanisa kubwa lisilo na kuba. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akauliza: "Ustadh, hapa sisi ndio tulioshinda?" Tukatazamana. Swali lilikuwa fupi na lilistahiki jawabu refu, na wakati wa kutoka ulikuwa umefika. Tukamwambia asubiri gazeti la mwaka. Basi na asome.

Kutoka Kars hadi Ani ni mwendo wa kilomita 45 hivi. Barabara inapita katika nyika isiyo na miti, ng'ombe huku, mabata bukini kule, na upepo wa Oktoba ulikuwa baridi kiasi cha kutufanya tuvae kanzu mbili mbili chini ya makoti. Mtembezaji wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa historia. Alijua Kiarabu kidogo na Kiingereza cha kutosha, nasi tukamalizia kwa ishara za mikono. Alituita "hocam", yaani "mwalimu wangu" kwa Kituruki, nasi tukamwita mzee wetu. Kabla hatujashuka garini alitupa masharti mawili: tusisogee ukingoni mwa korongo, na tusiokote kitu chochote, hata kigae kidogo cha chungu.

Ani imejengwa juu ya uwanda wenye umbo la pembetatu. Pande mbili zimekatwa na makorongo marefu. Katika korongo la mashariki unapita mto ambao Waturuki wanauita Arpaçay na Waarmenia wanauita Akhurian, na mto huo ndio mpaka wa nchi mbili. Upande wa tatu, wa kaskazini, hauna korongo, na ndiyo maana wafalme waliujengea ukuta mkubwa wa mawe. Ukuta huo alianza kuujenga mfalme wa Kiarmenia aliyeitwa Smbat wa Pili, aliyetawala mwaka 977 hadi 989 miladia. Tuliingia kwa lango lenye mchongo wa simba. Ukishalipita, mbele yako ni majani makavu yaliyotanda mpaka upeo wa macho, na juu ya majani hayo majengo machache yamesimama mbalimbali, kila moja peke yake. Tulidhani tumefika nje ya mji. Mzee wetu akacheka, akasema kwamba hapo tulipokanyaga palikuwa na nyumba, maduka na mitaa. Mawe yake yamelala chini ya majani.

Mji huu ulikuwa mkubwa kwa sababu ya biashara. Misafara iliyotoka Uajemi na Asia ya Kati kwenda nchi za Warumi wa mashariki na bandari za Bahari Nyeusi ilipita hapa. Mwaka 961 mfalme Ashot wa Tatu aliufanya makao makuu ya ufalme wa Waarmenia, ambao walikuwa Wakristo. Makanisa yalikuwa mengi hata watu wakauita mji wa makanisa elfu moja na moja. Kubwa kuliko yote ni kanisa kuu lililokamilika mwaka 1001, kazi ya fundi aitwaye Trdat. Huyu Trdat ndiye pia aliyeitwa Istanbul, wakati huo ikiitwa Konstantinopoli, kutengeneza kuba la Aya Sofia lililoharibiwa na tetemeko la mwaka 989. Mwenye kusoma hesabu na uchoraji wa majengo asidharau masomo hayo: jina la fundi limebaki miaka elfu, na wafalme wengi wa zama zake hakuna anayewakumbuka.

Warumi wa mashariki waliutwaa mji kwa Waarmenia mwaka 1045. Miaka 19 baadaye, tarehe 16 Agosti 1064, sawa na mwaka 456 hijria, ukatekwa na Sultani Alp Arslan wa Waseljuki, Waturuki Waislamu. Hapa ndipo penye swali la mwanafunzi wetu.

Tulisimama ndani ya kanisa kuu. Kuba lilianguka kwa tetemeko la mwaka 1319, kwa hiyo ukiinua kichwa unaiona mbingu, na njiwa wanaingia na kutoka. Nguzo na matao bado yamesimama, marefu na membamba. Mzee wetu akatueleza kwamba baada ya ushindi msalaba uliteremshwa, kanisa likafanywa msikiti, likaitwa Fethiye, kutokana na neno "fat'hi", yaani ushindi. Mwaka 1124 mfalme wa Georgia aliuteka mji, likarudi kuwa kanisa. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Mmoja wetu akasema: "Mahali hapa palikuwa msikiti. Tuswali hapa hapa, tupate fadhila ya kufuata nyayo za waliofungua mji."

Tulijadiliana kidogo, na tunawaletea mjadala huo kwa sababu una elimu ndani yake. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya kuswali kanisani. Imepokewa kwamba Ibn Abbas (R.A.) alikuwa akiswali humo, isipokuwa penye sanamu. Wengine wamechukia. Kwa hiyo mwenzetu hakusema jambo la ajabu. Lakini kuna jambo jingine zaidi ya kusihi kwa swala. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipoupokea mji wa Baitul Maqdis, wakati wa swala ulimkuta ndani ya kanisa lao kubwa. Askofu akamkaribisha aswali humo. Umar akakataa, akaswali nje, akaeleza kwamba alihofia Waislamu watakaokuja baadaye wasije wakalichukua kanisa kwa hoja kwamba Umar aliswali hapo. Tazameni alivyoona mbali. Hakuizungumzia swala yake. Aliuzungumzia mkono wa mtu atakayekuja baada yake.

Na hofu hiyo si ya zamani tu. Tarehe 1 Oktoba 2010 kiongozi wa chama kimoja cha siasa cha Uturuki alikwenda na wafuasi wake wakaswali Ijumaa ndani ya kanisa hilo hilo tulilosimama. Baadhi ya watu walifurahi, na Waarmenia waliumia. Sisi hatusemi swala yao ilikuwa batili. Tunasema tu kwamba swala ikigeuzwa bendera, jirani haioni tena kuwa ni ibada.

Jambo la pili lililotuzuia ni zito zaidi, na wazazi watuwie radhi kwa kulileta mbele ya watoto, lakini tumeona ni bora walisikie kwetu. Ushindi wa mwaka 1064 ulifuatiwa na mauaji makubwa ya watu wa mji. Habari hii haikuandikwa na maadui wa Uislamu peke yao. Ameiandika mwanachuoni wa Kiislamu, Sibt Ibn al-Jawzi, aliyefariki Damascus mwaka 654 hijria (1256). "Sibt" maana yake ni mjukuu kwa upande wa binti: ni mjukuu wa yule Ibn al-Jawzi mashuhuri. Amenukuu masimulizi ya mtu aliyeingia mjini akitaka kujionea kwa macho yake, na anaeleza kwamba maiti zilikuwa zimeijaza njia hata hakupata pa kupita bila kuzikanyaga.

Sasa lipimeni hilo kwa mizani mnayoijua. Katika Muwatta wa Imamu Malik umepokewa wasia wa Sayyidna Abubakar (R.A.) kwa kamanda aliyempeleka Sham: asiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee mkongwe, awaache watawa katika nyumba zao za ibada, asikate mti wenye matunda. Na katika Suratul Hajj, aya ya 40, Mwenyezi Mungu ametaja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti pamoja, kuwa ni mahali ambapo jina Lake hutajwa kwa wingi. Mizani hiyo haibadiliki kwa kuwa aliyepimwa ni Mwislamu. Katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia.

Ni uadilifu pia kusema lingine juu ya mtu huyo huyo. Miaka saba baadaye, mwaka 1071, Alp Arslan alishinda vita vya Malazgirt na kumkamata mfalme wa Warumi, Romanos wa Nne. Angeweza kumuua. Alimkirimu na kumwachia aende zake, na jambo hilo wanahistoria wa pande zote mbili wamelisifu. Sultani mmoja, mambo mawili. Nani kati yenu atakayeandika historia akataja moja na kuficha la pili?

Basi tukatoka kanisani bila kuswali, na yule mwenzetu ndiye aliyetangulia mlangoni.

Mwendo mfupi kutoka hapo, ukingoni kabisa mwa korongo, umesimama msikiti wa Manuchihr. Manuchihr alikuwa amiri Mkurdi wa ukoo wa Shaddad. Ukoo huo uliupata mji kutoka kwa Waseljuki mwaka 1072, na amiri huyu alitengeneza kuta na kuurudishia mji uhai wake. Waturuki wengi wanauhesabu msikiti wake kuwa wa kwanza kujengwa katika nchi ya Anatolia. Una nguzo fupi nene, na dari yake imepangwa kwa mawe ya rangi mbalimbali, mekundu na meusi, yakifanya michoro kama mkeka wa rangi. Mnara wake una pembe nane. Ngazi za ndani zimefungwa kwa wageni, lakini ukisimama chini na kutazama juu unasoma neno moja lililoandikwa kwa mawe katika hati ya Kikufi: Bismillah. Tulichukua muda kulisoma, kwani Kikufi hakina nukta. Tuliopoteza muda ni sisi walimu wa Kiarabu. Mzee wetu alikuwa akitungoja huku anatabasamu.

Hati ya Kikufi tunayo kwetu pia. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 hijria, yaani 1107 miladia. Kwa hiyo mafundi wa misikiti hii miwili waliishi zama zinazokaribiana sana, mmoja katika nchi ya theluji na mwengine penye minazi, wakachonga kwa hati moja.

Tulitawadha kwa maji ya chupa, baridi yake hatuielezi, tukaswali kasri juu ya majani kando ya ukuta wa msikiti. Mtakaopenda jiografia, fikirini hili: sisi huku Afrika Mashariki tunaelekea kaskazini tunaposwali. Kule tulielekea kusini, tukiegemea magharibi kidogo.

Baada ya swala mzee wetu alituonyesha kitu ambacho kwetu kilikuwa bora kuliko vyote. Ukutani mwa msikiti huo palichongwa amri ya mfalme kwa lugha ya Kiajemi. Mfalme huyo ni Abu Said, mtawala Mwislamu wa ukoo wa Wamongolia, aliyetawala mwaka 1316 hadi 1335. Wamongolia waliuteka mji mwaka 1236, wakati huo wakiwa hawajasilimu, na kwa miaka mingi wakusanyaji kodi waliwaelemea wenyeji mpaka watu wakaanza kuhama na kutawanyika. Amri ile inakataza kodi za dhuluma na kutaja zile tu zinazoruhusiwa. Haikuwekwa sandukuni kwa mfalme. Ilichongwa msikitini, penye macho ya watu, ili mtoza kodi akija mwenye duka aweze kumwonyesha kwa kidole. Wakazi wengi wa Ani wakati huo walikuwa Wakristo, na kinga ya mali yao iliandikwa kwenye ukuta wa msikiti.

Jina la Abu Said mnalijua, ila hamjui kama mnalijua. Ibn Battuta alimwona Baghdad na akafuatana na msafara wake mwaka 1327. Miaka minne tu baada ya hapo, mwaka 1331, Ibn Battuta huyo huyo alifika Mombasa na Kilwa, akaswali nasi, akamsifu Sultani wa Kilwa kwa ukarimu.

Amri ilichelewa, au haikutosha. Tetemeko la mwaka 1319 lilikuwa limeuvunja mji, na njia za biashara zilihamia kwingine. Watu walipungua kizazi baada ya kizazi mpaka pakabaki wachungaji. Karibu na katikati ya mji kuna mnara wa msikiti mwengine ulioanguka, nao umelala chini vipande vipande kama uti wa mgongo wa samaki mkubwa. Mmoja wetu alipokuwa akitazama makanisa yaliyobomoka alisema kwamba hiyo ni adhabu ya Mwenyezi Mungu kwa makafiri. Mwengine akamwonyesha ule mnara, akamuuliza: "Na huu?" Kaumu za Ad na Thamud tunajua waliadhibiwa kwa sababu Mwenyezi Mungu mwenyewe ametuambia, na Mtume (S.A.W.) alipopita al-Hijr, penye nyumba za Thamud, aliwaharakisha masahaba wapite. Juu ya Ani hatukuteremshiwa kitu. Tumeamrishwa katika Suratur Rum, aya ya 9, tutembee duniani tutazame mwisho wa waliokuwa na nguvu kutuzidi. Kutazama tumeruhusiwa, kutoa hukumu ya ghaibu hapana.

Jengo la mwisho tuliloliona ni kanisa dogo lililojengwa mwaka 1215 na mfanyabiashara tajiri aitwaye Tigran Honents. Liko chini kidogo, mtelemkoni mwa korongo, na kuta zake za ndani bado zina picha za rangi. Nyuso za watu waliochorwa zimekwaruzwa na wageni walioandika majina yao kwa misumari, na majina ya kwetu Waislamu yamo. Tuliona haya. Msikiti wa Manuchihr umesimama miaka zaidi ya 900, sehemu ya miaka hiyo ikiwa chini ya watawala Wakristo, wa Georgia na kisha wa Urusi.

Kutoka ukingoni tuliona daraja. Lilikuwa na tao moja la kuvuka mto. Sasa tao halipo, zimebaki nguzo mbili zikitazamana, moja Uturuki na moja Armenia. Wakati wa vita baridi upande wa pili ulikuwa wa Urusi ya Kisovieti, na mgeni aliyetaka kuja Ani alilazimika kuomba ruhusa na kukatazwa kupiga picha. Ruhusa haihitajiki tena, na mwaka 2016 UNESCO iliuingiza mji huu katika urithi wa dunia, lakini Uturuki iliufunga mpaka wake na Armenia mwaka 1993. Waarmenia wa nchi ile waliuawa na kufukuzwa kwa wingi kuanzia mwaka 1915, hivyo vijiji tulivyovipita njiani havina tena watu walioijenga Ani. Wajukuu zao wakitaka kuuona mji wa mababu husimama ng'ambo ya mto na kutazama. Siku ile tuliona watu watatu wadogo kama sisimizi wamesimama ng'ambo. Mwenzetu mmoja, yule yule wa kanisani, alipunga mkono. Hatukujua kama walimwona.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wa darasa la tano. Mwaka 1064 Waseljuki walishinda. Mwaka 1124 walishinda Wageorgia, mwaka 1236 Wamongolia, mwaka 1878 Warusi, na baada ya vita vya kwanza vya dunia Waturuki tena. Hayo ndiyo jawabu la mtihani na ukiyaandika utapata alama zako. Lakini ulisema "sisi", na hapo ndipo tulipokwama. Aliyechinja watu njiani alijiita Mwislamu. Aliyeiandika dhuluma ile bila kuificha ni Mwislamu, na aliyechonga amri ya kuwakinga Wakristo na kodi za dhuluma ni Mwislamu pia. Ukisema "sisi", mwanetu, tuambie kwanza unasimama na yupi kati yao.

Kazi ya likizo kwa madarasa ya nne na tano: nendeni kwenye msikiti mkongwe kuliko yote mtaani kwenu au kijijini kwa bibi. Tafuteni kama una maandishi popote, mlangoni, kibulani au juu ya kaburi, muyanakili kama yalivyo hata kama hamyaelewi. Waulizeni wazee nani aliujenga, na nani alikuwa akiishi hapo kabla yake. Msibandue kitu wala msiandike majina yenu ukutani. Daftari zikusanywe wiki ya kwanza ya kufungua.

Wabillahi tawfiq.